Coastal Union na mwekezaji: nani mwenye 1988?

Tangu Tabora United igeuke kuwa TRA United mwaka 2025, baada ya Mamlaka ya Mapato kuichukua, maongezi ya mpira Tanga yamepata mada isiyoisha. Ukikaa kwenye kahawa Ngamiani jioni, iwe upande wa barabara ya 11 waliko Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, au barabara ya 12 waliko Wana Kimanumanu, yaani African Sports, hutamaliza kikombe cha pili kabla mtu hajauliza: na sisi lini? Tabora wamepata mwenyewe, Singida wamepata mwenyewe, Simba na Yanga wana wenyewe siku nyingi, na Coastal Union, timu iliyozaliwa mwaka 1948 na kuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1988, iendelee kungoja nini? Kuna wanaotaka mwekezaji aje kesho asubuhi, na kuna wanaoapa kwamba klabu ya wazee haiuzwi hata kwa dhahabu. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na naona wanagombania swali ambalo zamu yake haijafika. Wanagombania aje nani, na aje na shilingi ngapi. Linalotangulia ni hili: kitu gani hasa kitakachouzwa, na nani mwenye haki ya kukiuza?

Msimamo wangu nauweka mbele. Coastal inaweza kumkaribisha mwekezaji, na kwa jinsi mpira ulivyo sasa huenda itabidi. Lakini ikimkaribisha bila daftari la wanachama lililo wazi kwa kila mwenye kadi, na bila katiba inayofunga jina, rangi na makao ya Tanga kwa kufuli ambalo hakuna mtu mmoja mwenye ufunguo wake, basi kitakachouzwa ni nafasi ya Ligi Kuu. Nafasi ya ligi haina kwao. Na ile kanuni ya asilimia 51 za wanachama kwa 49 za mwekezaji, ambayo wengi wetu tunaitaja kama ngao, haitatukinga na hilo kama tunavyodhani.

Tuanze na yaliyotokea kwingine, maana yametokea kwa kasi mpaka hatukupata nafasi ya kuyatazama vizuri. Hiyo TRA United, kabla ya kuwa Tabora United mwaka 2023, ilipanda daraja ikiitwa Kitayosce. Mwaka 2022 timu ya DTB ya Dar es Salaam iliingia Ligi Kuu ikiwa imeshabadilishwa kuwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 neno Singida likadondoka, timu ikahamia Babati mkoani Manyara, ikabaki Fountain Gate tupu. Singida nao hawakukaa bila timu, kwa sababu Ihefu ya Mbarali ilishapelekwa huko, na msimu wa 2024/25 ikaanza ikiitwa Singida Black Stars. Andika majina hayo kwenye karatasi uyaunganishe kwa mishale, utaona kitu kimoja tu hakibadiliki. Jina linabadilika, mji unabadilika, jezi zinabadilika, benchi la ufundi linabadilika, lakini ile nafasi katika ligi inabaki pale pale. Hiyo ndiyo bidhaa. Mengine ni vifungashio.

Habari ya Mbarali inastahili kukaliwa kidogo. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga walifika uwanja wa Ihefu wa Highland Estates, Ubaruku, wakiwa hawajafungwa katika mechi 49 za ligi. Wakafungwa 2-1. Nchi nzima ikaulizana Ubaruku ni wapi, na watu wa mashamba ya mpunga wakawa na jambo la kusimulia maisha yao yote. Oktoba 2023 Yanga wakarudi pale pale, wakafungwa 2-1 tena. Miezi michache baadaye timu ilikuwa Singida. Hakuna sheria iliyovunjwa: timu ilikuwa na wenyewe, wenyewe wakaamua, mamlaka zikaidhinisha. Na hapo ndipo penye uzito kwetu. Watu wa Mbarali waliipa timu ile sauti zao, viingilio vyao na jina la bonde lao, lakini wakati wa uamuzi hapakuwa na karatasi yoyote inayowafanya kuwa wahusika. Walikuwa watazamaji wa mechi, wakawa watazamaji wa kuondoka.

Kwa nini hama hama hii imezidi sasa na haikuwa hivi miaka 20 iliyopita? Kwa sababu nafasi ya ligi imepata bei. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa haki za matangazo ya televisheni wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, na mwaka huo huo benki ya NBC ikaingia kuwa mdhamini mkuu wa ligi. Hata kama fedha hizo haziji sawasawa kila mwaka na hazigawanywi sawasawa kwa kila klabu, wastani wake ni zaidi ya Sh22 bilioni kwa mwaka katika ligi ya timu 16. Juu ya hapo kuna kuonekana kwenye televisheni karibu kila wiki, kuna kuuza wachezaji, kuna heshima ya kukaa jukwaa kuu siku Simba au Yanga wanapokuja. Mtu mwenye fedha akitaka kufika huko kwa njia ya kawaida, ataanzia madaraja ya chini, atapita viwanja vya vumbi, na anaweza kukwama kwenye mchujo miaka mitatu mfululizo. Kununua ni saini tu. Kwa hiyo tunapofurahi kwamba mtu fulani anaitaka Coastal, ni haki kumuuliza kama anachokitaka ni Coastal au ni njia ya mkato.

Sasa tuje kwenye ngao yetu. Mwaka 2016 Mohamed Dewji alijitokeza kutaka asilimia 51 za Simba kwa Sh20 bilioni. Serikali ikaingilia kati kwa kanuni: klabu iliyoanzishwa na wanachama, wanachama hao lazima wabaki na asilimia zisizopungua 51, na wawekezaji wasivuke 49. Desemba 2017 mkutano wa Simba ukampitisha Dewji, mwishowe akabaki na asilimia 49, kwa Sh20 bilioni zile zile, na hundi yake ikaonyeshwa hadharani mwaka 2021. Naomba msomaji aitazame hesabu hiyo taratibu. Asilimia 51 kwa bilioni 20 maana yake klabu nzima ina thamani ya kama bilioni 39. Asilimia 49 kwa bilioni 20 maana yake ni kama bilioni 41. Klabu ni ile ile, jengo la Msimbazi ni lile lile, na thamani imepanda kwa zaidi ya bilioni moja na nusu kwa sababu kanuni imebadilika. Kwa ninavyoielewa mimi, hiyo inaonyesha kwamba bei ilianzia kwenye mfuko wa mnunuzi. Mthamini aliyekaa na daftari la mali za klabu angefika kwenye thamani kwanza, kisha angeikata kwa asilimia.

Simlaumu Dewji kwa hilo. Mnunuzi hutaja anachokiweza. Kazi ya kujua thamani ya mali ni ya mwenye mali. Na lazima tuseme ukweli wa uwanjani pia. Simba walichukua ubingwa mara nne mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18, na mwaka 2025 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Yanga, waliobadilisha katiba yao na kusimama na kampuni ya GSM, nao wakachukua mara nne mfululizo kuanzia 2021/22 na kufika fainali hiyo hiyo mwaka 2023. Anayesema fedha hazijaleta kitu anajidanganya.

Lakini asilimia 51 zinashikwa na nani? Hapo ndipo watu hawapatazami. Mwekezaji akishika 49, ni yeye, kwa jina lake au la kampuni yake, na mwanasheria wake anajua kila koma ya mkataba. Zile 51 hazishikwi na mtu. Zinashikwa na kundi linaloitwa wanachama, na kundi hilo linapiga kura kupitia viongozi, na viongozi wanachaguliwa na waliomo kwenye daftari. Kwa hiyo anayelidhibiti daftari anazidhibiti 51 zote, hata kama yeye mwenyewe hana hisa moja. Mwekezaji mwenye 49 na viongozi wa wanachama waliomwelewa ana 100. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui kama kuna mahali usemi huo unakaa sawasawa kuliko kwenye klabu za mpira wa nchi hii. Tena hata 51 zikiwa mikononi mwa watu imara, sheria yetu ya makampuni inataka robo tatu ya kura ili kubadilisha mambo makubwa ya kampuni. Mwenye 49 anaweza kuzuia. Mwenye 51 hawezi kulazimisha. Ngao yetu inafika magotini.

Niliwahi kuona kwa macho yangu jinsi daftari linavyotekwa. Ilikuwa klabu moja ya mkoa mwingine, nami nilikuwa nimemsindikiza rafiki yangu kwenye mkutano wao mkuu. Basi dogo lilisimama nje ya ukumbi, na ndani yake kijana mmoja alikuwa anagawa kadi za uanachama kama anayegawa tiketi. Kadi zilikuwa mpya kabisa, wino wa muhuri ulikuwa unachafua vidole, na ada ya mwaka mzima ilishalipwa na mtu ambaye jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura. Vijana wale walishuka, wakaingia, wakanyoosha mikono walipoambiwa wanyooshe, wakarudi kwenye basi. Wazee wanne waliokuwa wamelipia klabu ile tangu ujana wao walikuwa wamekaa safu ya nyuma. Kura zao nne zilihesabiwa vizuri tu.

Hoja ya wanaotaka mwekezaji ina nguvu, na nguvu yake kubwa inatokana na Tanga yenyewe. Mwaka 2016 mkoa huu ulishusha timu tatu kwa mpigo kutoka Ligi Kuu: Coastal, African Sports na Mgambo JKT. Msimu mmoja, mkoa mmoja, timu tatu. Coastal ilirudi mwaka 2018, na tangu hapo imefanya mambo ambayo timu yenye mfuko mdogo ina haki ya kujivunia. Julai 2022, chini ya Juma Mgunda, mtoto wa nyumbani, iliingia fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF pale Arusha, ikatoka 3-3 na Yanga, Abdul Suleiman Sopu akafunga yote matatu, ikafungwa kwa penalti. Msimu wa 2023/24 ikamaliza ya nne na kupata tiketi ya Afrika. Lakini fuatilia nini kinatokea baada ya kila mafanikio. Bakari Mwamnyeto alikomaa hapa, akaenda Yanga mwaka 2020. Sopu alifunga mabao matatu kwenye fainali, akaenda Azam. Mgunda mwenyewe alikwenda Simba mwaka huo huo. Na tiketi ya Afrika ilidumu mechi mbili tu, tukatolewa na Bravos do Maquis ya Angola. Timu inalea, wengine wanavuna. Anayesema tuendelee hivi hivi kwa kuchangishana lazima aeleze mzunguko huo utakatwa na nini, na sijasikia maelezo hayo.

Upande wa pili, hoja inayorudiwa zaidi ni kwamba mwaka 1988 tulichukua ubingwa bila mwekezaji. Ni kweli, na ni kumbukumbu tamu. Ila haithibitishi kinachodaiwa. Mpira wa 1988 ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji alikuwa na kazi yake, timu ilimpa posho na heshima, na mashirika ya umma yalibeba sehemu kubwa ya mzigo wa michezo nchini bila kuitwa wawekezaji. Mji wenyewe ulikuwa na reli inayofanya kazi, mkonge na viwanda. Kipa kama Mohamed Mwameja angeweza kukaa Tanga akiwa bora nchini kwa sababu tofauti ya kipato kati ya Tanga na Kariakoo haikuwa shimo. Leo ni shimo. Kutumia 1988 kama ushahidi kwamba fedha hazihitajiki ni kuutaka mwaka ule ufanye kazi isiyo yake.

Hata hivyo, hoja dhaifu kuliko zote iko kwa wanaotaka kuuza, na inasemwa kwa kujiamini sana: mfanyabiashara hawezi kuharibu mali yake mwenyewe, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi. Inasikika kama akili, lakini inachanganya mali yake na mali yetu. Mali yake ni nafasi ya ligi na mapato yake. Mali yetu ni timu kuwa hapa. Anaweza kuilinda ya kwake kwa kuiharibu ya kwetu, na vitabu vyake vya hesabu vikaonyesha faida. Wimbledon ya London ilichukua Kombe la FA kwa kuifunga Liverpool 1-0, na mwaka ulikuwa 1988, ule ule wa Coastal. Mwaka 2002 wenye timu waliruhusiwa kuihamishia mji wa Milton Keynes, mwaka 2003 ikahama, mwaka 2004 ikapewa jina jipya. Kibiashara walikuwa na sababu zao: timu haikuwa na uwanja wake, mji mpya ulikuwa mkubwa na hauna timu ya ligi. Soma tena sababu hizo mbili ukifikiria Tanga. Mashabiki walianzisha klabu yao upya, AFC Wimbledon, wakaanzia madaraja ya chini sana, na mwaka 2007 klabu iliyohama ilikubali kuyaachia mataji na historia ya Wimbledon yarudi kwenye mtaa yalikotoka. Kwa maneno mengine, ilibidi wakae mezani kujibu swali la nani mwenye 1988. Waingereza wamefika mahali pa kutunga sheria ya usimamizi wa mpira, mwaka 2025, inayogusa mpaka nembo na rangi za jezi. Wamechelewa kwa zaidi ya miaka 20 tangu Wimbledon ihame.

Nchi hiyo hiyo ina mfano wa pili, na huu naupenda zaidi kwa sababu ni wa mji wa bandari. Portsmouth ilifilisika, na mwaka 2013 ikanunuliwa na mashabiki wake; kila hisa ilikuwa pauni 1,000, na walionunua walizidi watu 2,000. Mwaka 2017 akaja Michael Eisner, aliyewahi kuongoza Disney, akitaka kuinunua yote. Mashabiki wale hawakupiga kelele vijiweni. Walikuwa na orodha, kila mtu na hisa yake, wakamsikiliza, wakamhoji, wakapiga kura, wengi wakakubali. Kwa hiyo mashabiki waliuza. Wapo watakaosema walikosea, na huo ni mjadala wa halali. Lakini hakuna anayeweza kusema waliibiwa. Tofauti ya Portsmouth na Wimbledon haikuwa wema wa tajiri. Ilikuwa kwamba upande mmoja mashabiki walikuwa wahusika kwa maandishi, na upande mwingine walikuwa wateja.

Sisi tuko upande gani? Tazama Mkwakwani. Uwanja tunaouita wetu ni mali ya CCM, kama vilivyo Kirumba, Sokoine, Jamhuri na Sheikh Amri Abeid. Ni historia ya nchi na siigombi hapa. Ila matokeo yake ni kwamba klabu haina udongo unaoifunga na mji. Msimu wa 2024/25, Mkwakwani ikiwa haitumiki, Coastal ilipeleka mechi zake kadhaa za nyumbani Arusha, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Yanga wakaja kucheza na Wagosi kule, Simba wakaja kucheza na Wagosi kule, na mtu wa Makorora akaangalia mechi ya nyumbani kwenye televisheni ya kibanda. Ilikuwa dharura na kila mtu alielewa. Kilichonitisha ni jinsi ilivyowezekana kirahisi. Ligi haikusimama, pointi zilihesabiwa, matangazo yalikwenda hewani. Msimu ule ulituonyesha kwamba kwa upande wa ligi, Coastal bila Tanga inafanya kazi. Sisi tulioiona tukasema uwanja utakarabatiwa tutarudi. Mtu anayewaza biashara ameiona pia, na huenda amewaza jingine.

Jina letu la utani linasema tofauti. Wagosi wa Kaya ni wanaume wa nyumbani. Ukiiondoa kaya, wagosi wanabaki kuwa nani? Na mji huu una usemi wake wa zamani, waja leo waondoka leo, tunaoutumia kwa wageni wanaofika Tanga. Wageni wameongezeka. Bomba la mafuta kutoka Hoima linaishia Chongoleani baada ya kilomita 1,443, bandari imeongezwa kina, na kiwanda cha Tanga Cement kimepita mikono ya wamiliki tofauti ndani ya miaka michache mbele ya macho yetu, pamoja na mabishano ya sheria ya ushindani yaliyofika Baraza la Ushindani. Kwa hiyo fedha zitakuja Tanga, na zikija zitatafuta mahali pa kuonekana, na timu ya mpira ni mahali pa kwanza. Kiwanda kikibadilisha mmiliki kinabaki Pongwe kwa sababu mawe ya chokaa yako Pongwe. Timu haina mawe ya chokaa. Inabidi tuitengenezee ya kwake kwa maandishi.

Maandishi hayo si mengi. Kwanza katiba iseme kwamba jina, rangi, nembo na makao ya Tanga ni mali ya wanachama peke yao, yasiingie kwenye kampuni itakayoundwa na mwekezaji. Kampuni iyatumie kwa kibali, na kibali kife siku timu ikitolewa Tanga kwa zaidi ya dharura. Kuyabadilisha kutake kura ya wanachama wote waliosajiliwa, isiwe ya waliohudhuria tu siku hiyo, kwa sababu waliohudhuria ndio wanaoletwa na basi. Pili, kabla ya kutaja asilimia yoyote, mali zithaminiwe na mtu wa nje: viwanja, majengo kama yapo, mikataba ya wachezaji, madeni, na thamani ya jina lenyewe. Kama mwekezaji atanunua eneo la kujenga uwanja, hati iandikwe jina la klabu ya wanachama, kampuni ipangishwe. Mwekezaji wa kweli hatakimbia kwa masharti haya. Yeye mwenyewe anahitaji kujua kwamba anaowasainisha ndio wenye mamlaka, maana mkataba uliosainiwa na uongozi wenye utata ndio unaoishia mahakamani. African Sports nao, barabara moja mbele, wana haja ya maandishi hayo hayo, na pengine haraka zaidi, kwa sababu timu iliyo chini husaini lolote ili ipande.

Tatu ni daftari, na hapo mashabiki tuna deni letu. Tanga ina maelfu ya watu wanaosema damu yao ni nyekundu ya Coastal na hawajawahi kulipa ada hata ya mwaka mmoja. Wanaodai klabu isiuzwe bila kuulizwa, waulizwe kwa lipi, kama hawamo? Marehemu mjomba wangu, aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote, aliacha kadi yake ya uanachama ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na hati ya kiwanja na picha moja ya ndoa. Karatasi yake imekuwa laini kama kitambaa. Ndani kuna safu za mihuri ya ada, mwezi kwa mwezi, zilizonyooka mpaka mahali fulani katikati ya ukurasa, halafu miraba iliyobaki ni mitupu. Sisi watoto wake tuliirithi timu, tukaipigia kelele kila Jumamosi, na hakuna kati yetu aliyekwenda kuuliza mraba unaofuata unalipiwa wapi.

Mkutano mkuu wowote utakaojadili mwekezaji uanze kwa kulisoma daftari la wanachama kwa sauti, jina baada ya jina, hata kama litachukua siku nzima na watu wakaleta chakula. Aliyefariki atajwe kuwa amefariki. Asiyejulikana na yeyote ukumbini aulizwe nani alimdhamini. Likifika jina la mjomba, nitasimama niseme tumemzika, na nitaomba jina langu liandikwe kwenye mstari wake wa chini, nikiwa na risiti ya ada mkononi.